Ushahidi Umo Kiungoni: Safari ya Kipimo cha Gauti

Kidole gumba cha mguu kikivimba ghafla usiku, kikawa chekundu na kuuma hata kikiguswa na shuka, majirani huwa na majina mawili tayari: baridi yabisi au gauti. Jina la pili huja na hukumu yake, kwamba mgonjwa amezidisha nyama na bia. Hukumu hiyo ni ya kale. Tangu enzi za matabibu wa Ugiriki, gauti ilitambuliwa kwa kumtazama mgonjwa: umri wake, mwili wake, sahani yake. Hata Thomas Sydenham, daktari Mwingereza aliyeugua gauti mwenyewe na kuieleza kwa umahiri mkubwa mwaka 1683, hakuwa na njia ya kuithibitisha. Historia ya kipimo cha ute wa kiungo inafundisha jambo ambalo bado hatujalizingatia vya kutosha: ugonjwa wa kiungo huthibitishwa ndani ya kiungo, si kwenye sahani ya mgonjwa wala kwenye damu yake peke yake.

Ushahidi ulianza kuonekana Delft, Uholanzi, mwaka 1679. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa aliyejitengenezea hadubini, alichunguza ule unga mweupe kama chaki utokao kwenye vinundu vya gauti, akaona vijiti vyembamba vyenye ncha pande zote mbili. Hakuna aliyeweza kumwambia vijiti hivyo ni vya nini, maana kemia ya kuvitambua haikuwapo. Carl Wilhelm Scheele aligundua asidi ya yuriki katika mawe ya mkojo mwaka 1776, na mwaka 1797 William Hyde Wollaston akaonyesha kwamba vinundu vya gauti vimejengwa kwa asidi hiyohiyo iliyoungana na sodiamu, yaani yureti. Aliyeihamisha hoja hiyo hadi kwa mgonjwa ni Alfred Baring Garrod wa London, ambaye mwaka 1848 alionyesha kwamba asidi ya yuriki imezidi katika damu ya wenye gauti. Baadaye akabuni kipimo cha uzi. Majimaji ya damu yalimiminwa kwenye kisahani cha kioo, yakatiwa asidi ya siki, na ndani yake ukalazwa uzi wa kitani. Kisahani kikaachwa kitulie mpaka fuwele zigande kwenye uzi, kama chumvi igandavyo kwenye kamba ya ngalawa. Mwaka 1859 Garrod alidai kwamba fuwele hizo ndizo zinazowasha uvimbe wa kiungo, wala si matokeo ya uvimbe huo.

Alikuwa sahihi, lakini dai lake lilisubiri miaka mia moja kuthibitishwa. Mwaka 1899 Max Freudweiler aliwadunga wanyama fuwele za yureti, na mahali alipodunga pakavimba. Kazi yake ikasahaulika. Ndipo mwaka 1961, huko Philadelphia, Marekani, Daniel McCarty na Joseph Hollander walipofanya jambo ambalo leo linaonekana rahisi. Waliuvuta ute kutoka kwenye viungo vilivyovimba, wakautazama kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa ili utikisike upande mmoja tu. Katika mwanga huo fuwele za yureti ziling'aa kama sindano kwenye giza. Mwaka uliofuata, McCarty na mwenzake Faires walijidunga fuwele hizo kwenye magoti yao wenyewe, na baada ya saa chache magoti yakawaka kwa maumivu makali. Hoja ya Garrod ikawa imetimia.

Kinachotazamwa kinastahili kuelezwa kwa karibu. Kiswahili kinauita ute, kama ute wa yai, na ndivyo ulivyo. Ute wa goti zima haufiki kijiko kimoja cha chai, ni angavu kiasi kwamba maandishi ya gazeti yanasomeka kupitia humo, na ukidondoshwa huvutika kama uzi kabla ya kukatika. Goti lililovimba hutoa ute mwingi, mwepesi kama maji na wenye ukungu wa seli nyeupe. Hadubini ikiongezewa kipande maalumu cha kioo, fuwele ya yureti iliyolala sambamba na mhimili wa kioo hicho huonekana ya manjano, na iliyoukingama huwa ya bluu. Rangi hizo ni muhimu, kwa sababu McCarty alikutana pia na fuwele fupi zilizokataa kufuata sheria hiyo. Mwaka 1962 zilitambuliwa kuwa za kalsiamu pairofosfeti: ugonjwa mwingine kabisa uliokuwa umejificha ndani ya jina la gauti.

Wapo watakaosema kipimo cha damu kinatosha, tena ni rahisi. Hakitoshi. Watu wengi wana asidi ya yuriki nyingi katika damu na hawaugui gauti maisha yao yote, na mgonjwa wa kweli anaweza kupimwa katikati ya maumivu akakutwa na kiwango cha kawaida. Wengine watasema kidole gumba kilichovimba kinajieleza. Mara nyingi ni kweli, na vigezo vya kimataifa vya mwaka 2015 vinazipa dalili uzito wake. Lakini vigezo hivyohivyo vinasema fuwele za yureti zikionekana katika ute wa kiungo chenye dalili, hakuna haja ya kuhesabu alama nyingine. Kuhusu hofu ya sindano, ikichomwa kwa usafi ni mara chache sana kuleta maambukizi, na kupunguza ute kwenye goti lililojaa humpa mgonjwa nafuu. Hofu kubwa iwe upande wa pili: bakteria wakiingia kwenye kiungo huweza kuharibu gegedu kwa siku chache, na kwa macho kiungo hicho hufanana na cha gauti. Ute peke yake ndio unaoweza kuhesabiwa seli, kutafutwa fuwele na kuoteshwa bakteria kwa pamoja. Hata fuwele zikionekana, kuotesha kusiachwe, kwa kuwa magonjwa hayo mawili huweza kukaa kiungo kimoja.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la vifaa na ujuzi. Ni kweli kwamba jicho lisilozoezwa hukosea. Lakini hadubini ya kawaida ikiwekewa vichujio viwili vya plastiki vya mwanga, gharama yake haikaribii ya mashine za picha ambazo leo zinaweza kuonyesha yureti bila sindano, na mashine hizo hazioni bakteria. Kinachohitajika zaidi ni mafunzo.

Tena kipimo hiki kinamtendea haki mgonjwa. Katika wagonjwa wengi wa gauti, asidi ya yuriki huzidi kwa sababu figo zao hazitoi ya kutosha, na mara nyingi hilo ni la kurithi. Dawa ya kuipunguza, alopurinoli, imekuwapo tangu miaka ya 1960. Kumwambia mtu aache nyama kisha kumwacha na maumivu ni kumhukumu bila ushahidi. Kiungo kikivimba ghafla na sababu haijulikani, mgonjwa na aulize: ute wangu umetazamwa?