Maumivu ya Majeruhi na Hukumu ya Dawa ya Kuyatuliza

Novemba 1978 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alilitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin. Miongoni mwa waliokwenda walikuwemo vijana wa Mara, mkoa uliotoa askari tangu enzi za KAR. Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Kidonda cha risasi hupona kikaacha kovu. Kiwewe hakina kovu la kuonekana. Mwenye nacho hushtuka kwa kila kishindo, huota vita usiku, na jirani husema ana jini.

Tunajiuliza basi: je, majeruhi apewe dawa yenye kupumbaza akili ili maumivu yatulie, au subira yamtosha?

Wapo wanaotoa mfano wa Urwa bin Zubayr, tabiina mtukufu wa Madina. Inasimuliwa kuwa katika zama za Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik (86–96 Hijria) alikatwa mguu huko Sham kwa sababu ya donda, akakataa dawa ya kumlaza. Hiyo ni daraja kubwa, lakini aliichagua kwa nafsi yake, hakuwafaradhishia wengine. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) ametaja katika al-Majmu' kauli mbili juu ya anayekatwa mkono uliooza, akasahihisha ile inayojuzisha kutumia kinachoondoa akili.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa askari 696 waliojeruhiwa Iraq. Kati ya 243 waliopatwa na kiwewe, asilimia 61 walikuwa wamepewa mofini mapema. Kati ya 453 waliosalimika, asilimia 76. Hili halithibitishi kuwa mofini ndiyo kinga, wala si kila dawa ya kutuliza inafaa: diazepamu na jamii yake hazijaonekana kuzuia kiwewe.

Hivyo basi, imamu anapomzuru majeruhi asimwambie akatae sindano ya maumivu kwa jina la subira. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na dawa haiondoi subira. Lakini itolewe na tabibu, kwa kipimo, na ikome haja inapokwisha, kwani mofini huleta uraibu. Na askari mzee anayeota vita hadi leo asomewe Qur'ani, kisha apelekwe hospitali.

Wallahu a'alam.