Land Rover kuukuu, baridi na mteremko wa Mbalibali

Wadau, wiki hii nimejichimbia kwenye mada ambayo haimo kwenye silabasi yoyote hapa chuoni: gari kuukuu kwenye baridi. Wenzangu wa Dar hapa hosteli wananicheka, eti Mara kuna baridi gani? Haya bwana. Njoo Mbalibali mwezi wa sita au wa saba, au panda kule juu Tarime, halafu toka nje saa kumi na moja alfajiri. Utaelewa kwa nini wazee wetu hawaachani na koti. Siyo baridi ya theluji, hapana. Lakini kwa Land Rover ya miaka ya sitini yenye betri iliyochoka inatosha sana.

Nianzie mbali kidogo. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ndiyo kwanza imetoka vitani, chuma ni cha mgao, kwa hiyo bodi wakaifanya ya aluminiamu na chini wakaacha fremu ya chuma. Walimlenga mkulima wao wa kule. Huku kwetu ikaja na serikali ya mkoloni, mabwana shamba na wamisheni, na Mwalimu naye akazunguka nchi kwa Land Rover ya TANU miaka ya 1950. Baadaye zile za ofisi na misheni zilipochoka zikaanza kuuzwa kwa watu wa kawaida. Hapo ndipo pananipendeza mimi, maana mtu wa kijijini hakununua kumbukumbu. Alinunua chombo cha kupeleka mahindi mashineni, kwenda mnadani, kubeba mabati na saruji, na kumkimbiza mama mjamzito Mugumu saa tisa za usiku.

Sasa hiyo saa tisa ya usiku ndiyo shughuli yenyewe. Gari limelala nje, oili imekuwa nzito, injini haitaki kuzunguka. Kama ni la petroli unavuta choki, unapiga starta, na likigoma unachomoa ule mpini mrefu unaokaa nyuma ya kiti, unauchomeka mbele chini ya rejeta na kuizungusha injini kwa mkono. Ilikuwa kazi ya vijana, na si kila kijana, maana mpini ukikurudia unaweza kukuvunja mkono. Kosa lingine ni kuvuta choki kupita kiasi, plagi zinalowa petroli na mnabaki mnatazamana.

La dizeli lina kisa chake. Dizeli haina cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, ndiyo maana asubuhi ya baridi inahitaji plagi za kupasha moto kwanza. Ile injini ya lita 2.25 ilikuwa nazo nne, na Waingereza wakaziunga kwa mfululizo, umeme unatoka hii unaingia ile. Moja ikiungua, zote nne zimekufa! Fundi wa kijijini akiruka ile iliyoungua kwa kipande cha waya, zilizobaki zinapata umeme mwingi kuliko kiasi chake na nazo zinaondoka. Kwa hiyo watu wakatafuta njia zao. Kuna waliomwagia maji ya moto bomba la kuingizia hewa. Kuna waliosogeza jiko la mkaa chini ya injini (la dizeli tu jamani, kwa la petroli usithubutu). Na karibu kila mwenye gari alikuwa na mteremko wake. Jioni analilaza juu, pua inatazama chini, jiwe kwenye tairi. Asubuhi unatoa jiwe, unaweka gia ya pili, unaachia klachi.

Na hizi safari fupi ndizo zilizoliumiza zaidi. Land Rover za zamani zilikuwa na dainamo, siyo altaneta ya siku hizi, na dainamo injini ikizunguka polepole haichaji cha maana. Unaenda mashineni, unarudi, unaenda dukani, unarudi, kila mara umepiga starta na betri haijalipwa deni lake. Kufika Ijumaa imekauka. Wengi walilaumu baridi, lakini baridi yetu ilikuwa inaumbua tu betri ambayo tayari ilikuwa hoi.

Ungeuliza basi, si wangenunua betri? Hapa ndipo historia ya mpaka inapoingia. Tarehe 4 Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Kwa mtu wa Dar hilo ni swali la mtihani. Kwa mtu wa Tarime ilimaanisha kwamba Sirari, mlango wake wa karibu wa vifaa, umepigwa komeo. Katikati ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei duniani mwaka 1979, fedha za kigeni hakuna. Ilifika mahali gari binafsi haliruhusiwi barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Kifaa kikipatikana ni cha magendo, na mwaka 1983, kwenye msako wa wahujumu uchumi, hata kukutwa nacho ilikuwa kesi.

Kwa hiyo nikisikia wazee wanasema magari ya zamani yalikuwa imara, nakubali nusu. Nusu nyingine ilikuwa migongo ya watu. Lile gari la saa tisa usiku lilikuwa linawashwa na majirani sita waliotoka kitandani na mablanketi yao. Likigoma, mama anabebwa kwa kitanda. Hakuna aliyekuwa anaona raha ya gari la kale hapo.

Uingereza kwenyewe mambo ni kinyume. Wenye magari ya kale wengi huyafungia ndani kipindi cha baridi, kwa sababu barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu na chumvi inakula chuma. Likifikisha miaka 40 linasamehewa kodi ya barabara. Kwetu kuukuu likishuka bandarini linatozwa ushuru wa uchakavu! Ila chumvi hatuna, na nadhani ndiyo sababu fremu za Land Rover nyingi huku ziliishi kuliko ndugu zao waliobaki kwao.

Biashara huria ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980 yakaanza kuingia magari ya Kijapani yaliyotumika, na sasa kazi ile inafanywa na Probox, Noah na bodaboda. Asubuhi unageuza ufunguo mara moja tu, na mimi siyalilii yale ya zamani hata kidogo. Ninacholilia ni kwamba hakuna anayeandika, na waliosukuma wanaondoka mmoja mmoja.

Na kama kwenu bado mnayo ile ya dizeli, kabla hamjatoa hela ya betri mpya pimeni kwanza zile plagi nne, moja moja.