"Sawa Bosi": Nani Alitufundisha Kuongea Hivi?

Wiki jana nilikuwa narekodi video kwenye shamba la ndizi huku kwetu Chala. Kulikuwa na mzee anakata majani makavu mbele ya kamera. Nikamwambia, "Wewe, hebu sogea kidogo." Akasogea haraka, akainamisha kichwa, akasema, "Sawa bosi."

Bosi nani? Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo? Yule mzee ni rika la babu yangu. Lakini mimi nilikuwa na kamera na viatu safi, yeye alikuwa na panga na gambuti za matope. Hiyo tu ilitosha. Hatukujuana, hakuna aliyetupangia, lakini kila mmoja alijua aongee vipi.

Video sikumaliza. Nimekuwa nikisoma historia ya huku kwetu, na wacha niwaambie nimepata nini.

Kwanza tusidanganyane eti zamani watu wote walikuwa sawa. Hapana. Wataveta walikuwa na mfumo wa rika. Rika lako ndilo lilionyesha unaketi na nani, unamheshimu nani, nani anakuheshimu. Ilikuwa ngazi. Lakini ngazi hiyo ilikuwa na kitu kimoja kizuri: kila mtu alikuwa anapanda. Kijana anayetumwa leo, kesho ni mzee anayetuma. Ukimheshimu mzee, ni kama unaweka akiba, itakurudia siku yako ikifika.

Halafu ikaja ngazi nyingine. Taveta ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Mombasa kwenda upande wa Kilimanjaro. Kwenye misafara ile kulikuwa na wapagazi, na juu yao kulikuwa na wanyapara. Ndiyo, lile neno tunalotumia hadi leo kwa msimamizi mkali wa kazi. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ukaanza Mombasa, ukapita Voi, na nyuma yake wakaja walowezi.

Mmoja wao aliitwa Ewart Grogan. Machi 1907, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Kosa lao? Walikuwa wanavuta gari la mkono lililobeba wanawake wa kizungu, na ikasemekana wamewakosea adabu. Soma hapo tena. Hawakushtakiwa kwa wizi. Hawakuua mtu. Ni adabu. Mtu alichapwa kwa sababu ya namna alivyodaiwa kuwatendea watu waliomzidi cheo. Grogan alifungwa muda mfupi tu, maisha yakaendelea.

Sasa mbona nawaletea mambo ya Nairobi? Kwa sababu Grogan huyo huyo ndiye baadaye aliyekuwa na mashamba makubwa ya mkonge hapa Taveta. Ile nyumba yake kubwa juu ya kilima, Girigan, ilijengwa miaka ya 1930 na bado iko. Watu wanaenda kupiga picha. Hata mimi nimepiga.

Wakati huo mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alilazimika kuwa na kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kiliwekwa ndani ya kikebe cha chuma, wengi wakakivaa shingoni. Ndani kulikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Huwezi kuondoka kazini kama mwajiri hajaandika kwamba amekuachilia. Na ukitoroka, ni kosa la jinai. Fikiria unaongea na mtu aliyeshika hiyo karatasi. Utajibu nini zaidi ya "ndiyo bwana"?

Na nyumbani kwa mzungu kulikuwa na "boi". Boi angeweza kuwa na miaka hamsini, ana wajukuu, kwao ni mzee wa kuamua kesi. Akiingia jikoni kwa mzungu, anageuka mtoto. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kwenye rika, kila mtu anapanda. Kwenye ngazi ya boi, hupandi kamwe. Unazeeka ukiwa mtoto.

Najua kuna mdau atasema, "Heshima si utumwa, wewe kijana umepotoka." Nakubali, heshima si utumwa. Lakini heshima ya kwetu ilifuata umri. Hii ya "sawa bosi" inafuata mfuko. Ingekuwa ni heshima ya kwetu, mimi ndiye ningeinamisha kichwa siku ile.

Pia msiseme ni tabia tu, watu wajiamini. Uhuru ulikuja 1963, lakini mashamba makubwa yalibaki mashamba makubwa. Hadi leo Taveta kuna familia zinazoitwa maskwota, wanaishi bila hati miliki kwenye ardhi waliyozaliwa. Mtu ambaye anaweza kufukuzwa wakati wowote hujifunza kuongea polepole na kila mwenye viatu safi. Hawezi kujua nani ana nguvu ya kumtoa. Unyenyekevu huo ni bima yake.

Mimi mwenyewe nimeonja kidogo. Nilipokuwa chuo, nikirudi likizo watu waliniita "mwalimu", wakanipa kiti. Nilipoacha, watu wale wale wakaanza, "Wewe, njoo ubebe hii gunia." Nilikasirika sana. Halafu nikaenda nikamfanyia mzee wa watu jambo lile lile.

Jana nilirudi pale shambani bila kamera. Nikamwambia, "Shikamoo babu." Alinyamaza kidogo, akaniangalia kama anatafuta mtego. Halafu akajibu, "Marahaba, mjukuu. Wewe ni wa nani?" Nikamtajia babu yangu. Kumbe walichunga ng'ombe pamoja.

Tuliongea karibu saa nzima. Hakuniita bosi tena. Lakini gari la mwenye shamba lilipoingia, alisimama haraka, akavua kofia. Na mimi, bila kufikiria, nikasimama pia.