Karatasi ya Kazi: Tarehe ya Isebania na Sheria Zake Mbili

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuikanyaga. Mpaka wao ulianzia mdomo wa mto Umba kule pwani, ukauzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, ukaja kuishia Ziwa Viktoria kwenye digrii moja kusini mwa ikweta. Kabla ya kufika ziwani ulipita katikati ya Wakuria. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta huyu kwa Mjerumani, yule kwa Mwingereza. Upande wa kaskazini ndiko ulikokuja kuota mji wa Isebania, na ng'ambo yake Sirari. Watu hawakuacha kuoana, kuuziana ng'ombe wala kuzikana. Ila tangu siku zile, mtu wa hapa akitoka kwenda kutafuta kazi, haki yake imetegemea amegeukia kusini au kaskazini.

Kazi ya mshahara ililetwa na kodi. Serikali ya Kenya ilianza kutoza kodi ya kibanda mwanzoni mwa karne ya ishirini, ikaitaka kwa sarafu, na sarafu haikuota shambani. Vijana wa Kavirondo Kusini, kama wilaya ilivyoitwa, wakatoka. Wengine waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles. Miaka ya 1920 wengi walipanda Kericho kampuni za chai zilipofungua mashamba. Na dhahabu ilipopatikana Nyanza katika miaka ya 1930, wapo waliochimba karibu na kwao, pale Macalder.

Sheria ilikuwa imewatangulia. Mwaka 1906 Kenya ilitunga Sheria ya Mabwana na Watumishi. Mtumishi akitoroka, akizembea au akimtukana bwana wake, alishtakiwa kama mhalifu na angeweza kufungwa. Kwao Waingereza jambo hilo lilikwisha mwaka 1875, Bunge la London lilipofuta kifungo kwa mfanyakazi aliyevunja mkataba, na tangu hapo madai ya bwana na mtumishi yakawa ya kudaiana fedha tu. Kwa hiyo sheria tuliyoletewa ilikuwa imeshatupwa kwao miaka 31 kabla. Sioni namna ya kulieleza hilo kwa upole.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, mpaka wetu ukawa uwanja wa mapigano. Septemba 1914 Wajerumani walivuka kutoka kusini wakaingia Kisii, wakapigwa, wakarudi. Mwaka uliofuata sheria ya kuwakusanya wapagazi kwa lazima ilipitishwa, na maelfu kwa maelfu ya wanaume wa Nyanza wakabebeshwa mizigo ya jeshi hadi ndani ya Tanganyika. Wengi hawakurudi. Waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Mwaka huohuo wa 1915 ilitungwa sheria ya kuwaandikisha wenyeji, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu vita vilipokwisha, mwaka 1919. Hapo ndipo kipande kilipozaliwa. Kila mwanaume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa nacho. Ndani ya kikasha cha bati, chenye kamba ya kukining'iniza shingoni, mlikuwa na karatasi: jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Mstari uliokuwa na uzito kuliko yote ni ule wa sahihi ya mwajiri. Bwana asipotia sahihi kwamba amemruhusu, mtu hakuweza kuajiriwa kwingine, na akionekana barabarani alikuwa mtoro. Mshahara wa zamani nao ulikaa pale, kwa hiyo mwajiri mpya alijua kiwango cha chini kabisa anachoweza kumpa. Kukosa kipande kulikuwa kosa la jinai.

Kikasha kile kilikuwa na karatasi moja, na mzigo wa kuitunza ulikuwa wa mfanyakazi peke yake. Ikipotea, ikilowa, ikichanika, aliyelipa alikuwa yeye. Ukitaka kuifuata tarehe ya sheria za kazi bila kupotea katika majina ya sheria, angalia ni nani aliyelazimishwa kuishika karatasi, na ni nani aliyeadhibiwa ilipokosekana.

Manung'uniko hayakuchelewa. Desemba 1921 watu wa Nyanza walikutana Lundha, wakataja kodi, kazi za lazima na kipande. Machi 1922 Harry Thuku, aliyekuwa akiyasema hayohayo Nairobi, alikamatwa, na watu waliokusanyika kumdai wakapigwa risasi. Kipande kiliendelea kuning'inia shingoni hadi 1947.

Na kusini? Wajerumani waliposhindwa, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, lakini sheria hazikuunganishwa. Tanganyika ilipata sheria yake ya mabwana na watumishi mwaka 1923. Mashamba ya katani kule yalikuwa na kadi ya siku 30 za kazi, ambazo mtu alitakiwa kuzimaliza ndani ya siku 42 ndipo alipwe. Mfalme mmoja, vitabu viwili.

Aliyekuja kubadili hesabu upande wa Kenya alikuwa mtu wa maeneo haya. Tom Mboya, ambaye kwao ni Kisiwa cha Rusinga, Homa Bay ya leo, alianza kama mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi, akilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu wa kazi ileile. Mwaka 1953 alishika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1962, akiwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na vyama walitia sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani: migogoro izungumzwe kwanza kabla ya kugoma, na mwajiri akitambue chama. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Viwanda ikaanza kazi.

Uhuru ulipopatikana, njia ziliachana kabisa. Tanzania ilitunga mwaka 1964 Sheria ya Usalama wa Ajira. Mwajiri hakuweza tena kumfukuza mtu kwa kuamka vibaya. Makosa na adhabu zake viliorodheshwa, kamati ya wafanyakazi ikapewa sauti, na mgogoro ukapelekwa kwenye baraza la usuluhishi na mwishowe kwa waziri. Mahakama zilifungiwa nje, na hilo lilikuwa tatizo lake kubwa, maana waziri ni mwanasiasa. Tena vyama huru vilivunjwa mwaka huohuo, kikabaki kimoja, NUTA. Mfanyakazi wa Sirari alipata kinga akapoteza chama chake.

Wa Isebania alibaki na chama lakini kinga hakuwa nayo. Kwa Sheria ya Ajira ya 1976, mwajiri alitoa notisi au mshahara badala ya notisi, basi. Sababu hakulazimika kuitaja. Ulaya jambo hilo lilikuwa limepita. Ujerumani Magharibi ilidai sababu tangu 1951, Uingereza tangu 1971, Ufaransa tangu 1973. Na mama wa Kenya aliyechukua miezi miwili ya likizo ya uzazi chini ya sheria hiyo ya 1976 alinyang'anywa likizo yake ya mwaka, kana kwamba kujifungua ni mapumziko ya ufukweni.

Tanzania iliandika upya sheria zake za kazi mwaka 2004, na Kenya ikafuata mwaka 2007 kwa sheria tano za mkupuo mmoja, Sheria ya Ajira ikianza kutumika Juni 2008. Hapo kaskazini ikaanza kudai sababu halali na mtu asikilizwe kabla ya kufukuzwa. Likizo ya uzazi ikawa miezi mitatu, na ile ya mwaka ikabaki palepale.

Lakini pita pale forodhani ulinganishe. Upande huu wiki ya kawaida ya kazi ni saa 52, upande ule 45. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi Kenya, Tanzania ni siku 28 mfululizo. Baba hupewa wiki mbili Isebania na siku tatu Sirari. Aliyefukuzwa kwa dhuluma Kenya anaweza kulipwa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Sheria ya Tanzania, kama ilivyopitishwa 2004, ilisema isipungue miezi 12. Kabla hujavuka kwa furaha, jua kwamba kule kulalamikia kuachishwa ni ndani ya siku 30, mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na aliyefanya kazi chini ya miezi sita kinga hiyo haimhusu. Kenya humpa mtu miaka mitatu ya kufungua kesi.

Ila haya yote yanamhusu mwajiriwa, na Isebania wenye barua ya kuajiriwa ni wachache. Lori la mahindi au vitunguu likisimama, wapakuaji hulipwa kwa gunia. Msimamizi ana daftari la kurasa arobaini na kalamu imefungwa kwa uzi. Anaandika majina ya utani, anachora mstari kwa kila gunia, jioni anazidisha na kulipa taslimu. Kesho anaanza ukurasa mpya. Hotelini na madukani ni vivyo hivyo, kibarua wa siku kwa miaka minne.

Kifungu cha 37 cha sheria ya Kenya kiliandikwa kwa ajili yao: kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi, au kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, anageuka mwajiriwa wa mwezi, na notisi na haki nyingine zinamfikia. Kifungu cha 10 kinakwenda mbali zaidi. Ni mwajiri anayepaswa kuandika masharti ya kazi na kuyatunza. Akishindwa kuyatoa kortini, kazi ya kukanusha anachodai mfanyakazi ni yake. Kifungu cha 15 cha sheria ya Tanzania kinasema hayohayo. Kikasha cha bati kimehamia shingo nyingine, na hilo naliona kubwa kuliko tofauti zote za siku za likizo.

Tatizo ni kwamba wengi hawajaambiwa. Mhudumu anayefukuzwa huamini kwamba, kwa kuwa hana karatasi, hana kesi.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza Julai 2010, ikaahidi kwamba wafanyakazi watavuka mipaka kwa uhuru. Tanzania ikatunga mwaka 2015 sheria ya kuratibu ajira za wageni, na kibali kikabaki cha lazima. Julai 2025 ikawakataza wasio raia biashara 15, zikiwemo za rejareja, kutuma pesa kwa simu na kutengeneza simu, na Kenya ikalalamika. Mkuria wa Isebania mwenye shangazi Sirari anaweza kwenda kumzika bila kuulizwa mengi. Akitaka kufungua kibanda cha simu mbele ya nyumba ya marehemu, ni mgeni. Wapakuaji, kwa upande wao, hupandia lori upande huu na kulishushia upande ule, na sijaona sheria ya upande wowote iliyokwisha kusema mwajiri wao ni nani: mwenye mzigo, mwenye lori, wakala wa forodha, au yule mwenye daftari.