Kisutu ndani ya kasha
Kisutu ni kanga ya harusi ya pwani ya Afrika Mashariki: nyeupe, nyekundu na nyeusi, mara nyingi isiyo na jina, yaani maneno yanayoandikwa kwenye kanga. Kanga zilipoenea Unguja na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, nguo za bi harusi zilihifadhiwa kwenye makasha ya njumu za shaba, mengine yakiletwa na majahazi kutoka India. Utunzaji wenyewe ulidai subira kubwa. Kanga mpya ililowekwa kwenye maji ya chumvi isichuje rangi, ikaanikwa kivulini, kisha ikafukizwa udi juu ya chetezo mpaka harufu ikakolea. Asumini zilitiwa baina ya mikunjo. Nguo ikikunjwa kwenye mstari uleule miaka nenda rudi hukatika. Kwa hiyo mikunjo ibadilishwe kila kasha linapofunguliwa.