Kamanyola: mazoezi ya mwili hayahitaji uwanja

Mwaka 1994 uwanja mkubwa wa michezo ulifunguliwa Kinshasa ukiitwa Kamanyola. Jina lilitoka huku kwetu, kwenye mapigano ya 1964 dhidi ya waasi, ambayo Mobutu alijivunia miaka yote ya utawala wake. Alipoanguka mwaka 1997, uwanja ukaitwa Stade des Martyrs, kuwakumbuka watu wanne walionyongwa hadharani mwaka 1966. Watu 80.000 hivi wanaweza kuingia humo. Lakini siku ya mechi wanaokimbia ni 22 tu, wengine wote wameketi.

Mazoezi ya mwananchi wa kawaida yana historia nyingine, na ilianzia kazini. Katika bonde la Ruzizi, mkulima aliamka mapema, akatembea hadi shamba la mpunga au la mihogo, akainama, akabeba, akarudi. Hakuna aliyeita hiyo sporti. Vita vinapomkimbiza mtu, anaacha shamba, na mwili nao unaachishwa kazi. Siku inapita ameketi mbele ya nyumba ya wenyeji, akisubiri habari za kijijini. Mgongo unakaza na usingizi unakuwa mgumu.

Kwamba kuketi sana kunadhuru, wanasayansi walianza kulionyesha mwaka 1953. Daktari Jerry Morris na wenzake walichunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva aliketi kutwa. Mkusanya nauli alipanda na kushuka ngazi. Wakusanya nauli walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Hawakuwa wanamichezo, kazi yao tu iliwafanya watembee.

Karibu na sisi, majirani wamefanya mazoezi kuwa jambo la watu wote. Kigali, tangu 2016, barabara kadhaa hufungiwa magari Jumapili fulani asubuhi ili watu watembee na kukimbia. Bujumbura, kukimbia kwa makundi huku wakiimba ni desturi iliyozoeleka. Lakini Machi 2014, baada ya polisi kupambana na wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD, serikali ilizuia makundi hayo kukimbia barabarani, ikayaruhusu katika viwanja maalum tu. Hilo ni funzo kwa sehemu yenye askari wengi: kundi linalokimbia linaweza kueleweka vibaya. Ni afadhali kutembea wawili au watatu, mchana, kwenye njia inayojulikana, au kufanya mazoezi ndani ya kiwanja cha nyumba, cha kanisa au cha shule.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafikishe angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Tangu 2020 linasisitiza pia kwamba hata dakika chache zinahesabika. Anayeanza atembee dakika 10 kwa siku, siku tano, kwa mwendo unaomruhusu kuongea bila kuhema sana. Wiki inayofuata aongeze dakika 5, mpaka afike 30. Nyumbani, asimame na kuketi kwenye kiti mara 10, kisha asukume ukuta kwa mikono mara 10. Viatu vya bei si lazima.

Mama anayebeba bidoni za maji na kuni kila siku tayari amefanya mazoezi yake. Yeye anahitaji kupumzika na kunyoosha mgongo. Aliyelala njaa asijilazimishe. Wenye presha, wajawazito na waliotoka kuugua waulize kwanza kwenye kituo cha afya. Maumivu ya kifua au kizunguzungu vikitokea, mtu aache mara moja na kutafuta muuguzi.

Shamba linaweza kubaki mbali kwa muda. Siku ya kurudi itakapofika, jembe litahitaji mikono na miguu iliyozoea kazi.