Barabara ya Kisumu: Jina Hufuata Inakoishia

Makanga wa Nairobi haiti abiria kwa namba ya barabara. Huita mji ambako gari litawashusha: "Kisumu! Kisumu!" Ukishafika ziwani utasikia barabara ile ile ikiitwa Nairobi Road, na ukiuvuka mji kuelekea uwanja wa ndege, imegeuka Busia Road. Lami ni moja, ila kila mkazi huipa jina la kule inakoishia. Serikali nazo, tangu enzi za mkoloni, zimekuwa zikiamua mwisho huo uwe wapi. Kwa hiyo majina ya barabara hii yanasimulia namna Kisumu ilivyopandishwa na kushushwa.

Njia ya kwanza ya mikokoteni kuelekea ziwani haikuijali Kisumu. Kapteni Sclater, mhandisi wa jeshi la Uingereza, aliikamilisha mwaka 1896. Ilitoka Kibwezi, ikafuata njia ya misafara kupitia Mumias hadi upande wa Uganda, na ikabaki na jina la aliyeichonga. Reli nayo ilikuwa imepangiwa kuishia Port Victoria, karibu na mpaka wa sasa wa Uganda. Baada ya ziwa kupimwa, wahandisi waliona kwamba ghuba ya Kisumu ingewapunguzia safari. Desemba 1901 reli ilifika majini, na kituo kikaitwa Port Florence kwa heshima ya Florence, mke wa mhandisi wa reli hiyo. Wakati huo eneo hilo lilihesabiwa kuwa la Uganda. Lilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902.

Kwa takriban miaka 30 Kisumu ilikuwa mlango wa Uganda. Mizigo ilishuka kwenye mabehewa na kupanda meli. Kisha reli mpya ilijengwa kutoka Nakuru kupitia Eldoret, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Kuanzia hapo mzigo wa Uganda ungeweza kusafiri bila kuliona ziwa, na reli ya Kisumu ikawa tawi.

Uamuzi huo wa kupitia Eldoret ulikuja kuonekana hata kwenye namba za barabara za Kenya huru. Herufi A ilikuwa ya barabara za kimataifa, B ya barabara kuu za kitaifa. Barabara iliyopitia Eldoret hadi Malaba ilikuwa A104. Ile iliyochepuka Mau Summit, ikapita Kericho na Kisumu hadi Busia, iliitwa B1, ingawa nayo ilifika mpaka wa Uganda. Kisumu ilikuwa na A yake, lakini hiyo ilikuwa A1, inayotoka Isebania mpakani mwa Tanzania na kupanda hadi Turkana. Kati ya Ahero na Kisumu lami moja ilibeba namba zote mbili. Barabara zilipopangwa upya mwaka 2016, B1 ikawa A12.

Lakini dereva hukumbuka milima na mito kuliko namba. Toka Mau Summit, kwenye kimo cha mita 2,500 hivi, barabara inakata mashamba ya chai ya Kericho, kisha inaporomoka hadi uwanda wa Kano, zaidi ya kilomita moja chini. Breki za malori hujaribiwa huko juu: usiku wa Juni 30, 2023, lori lilivamia wachuuzi na abiria katika makutano ya Londiani na kuua zaidi ya watu 50. Huku chini adui ni maji. Mto Nyando ukifura, mashamba ya mpunga ya Ahero na vijiji vya jirani huzama. Ukishaupita mji wa Kisumu, barabara inapanda tena hadi Maseno, inavuka ikweta, na kuendelea Luanda, Yala na Ugunja hadi Busia.

Ndani ya Kisumu yenyewe majina yana uzito mwingine. Barabara inayopanda kuelekea Kondele ni Jomo Kenyatta Highway. Mtaa mkuu wa biashara ni Oginga Odinga Street. Oktoba 25, 1969, Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti. Yeye na Odinga, aliyeongoza chama cha upinzani, walirushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, na walinzi wakafyatulia watu risasi, hata kando ya barabara msafara ukiondoka. Serikali ilitaja vifo 11. Wenyeji wameshikilia kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku, naye akatiwa kizuizini. Wenyeji waliiita hospitali hiyo "Russia", na wengi huiita hivyo hadi leo. Jina lake rasmi sasa ni la Jaramogi Oginga Odinga. Hivyo anayemkimbiza mgonjwa kutoka mjini hupita barabara ya Kenyatta ili afike kwa Odinga.

Kisumu ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2001, karne moja baada ya reli. Baadaye ilijengewa barabara ya kuuzunguka mji na daraja la juu la Kondele. Hata hivyo, mradi mkubwa wa kupanua njia kutoka Nairobi umepewa jina la Rironi–Mau Summit. Mkataba wake wa kwanza, uliotiwa saini mwaka 2020 na kampuni za Kifaransa, ulifutwa. Ujenzi ukazinduliwa mwaka 2025 chini ya kampuni nyingine. Mau Summit ndipo barabara ya Kisumu na ya Eldoret zinapoachana. Ndiyo maana mtu wa ziwani akitajiwa barabara mpya, haulizi kwanza itakuwa na njia ngapi. Anauliza inaishia wapi.